Hatua Nne za Mama

Jumamosi, 3 Juni 1995

Maji ndoo nne kabla ya saa kumi na mbili. Dawa za Mama: nyeupe moja, ya njano nusu. Kifundo cha mguu wa kulia, kwa futi ya fundi cherehani, sentimita thelathini na moja. Jumamosi iliyopita ishirini na tisa. Uvimbe unapanda. Kutoka kitandani hadi mlangoni lazima akae njiani.

Uji ameunywa nusu. Changu nimekula jikoni peke yangu. Mama hapendi kutazamwa anaposhindwa kula.

Mchana Mama Shufaa, jirani wa mlango wa pili, ameigeuzia tena televisheni yake uani. Tangu aliponunua, kila Jumamosi ni hivyo. Watoto kwenye mkeka, wanawake kwenye vigoda, deki ya video inazunguka. Filamu ya Kihindi. Nimemwekea Mama kiti mlangoni. Kwenye filamu kulikuwa na mgonjwa, amelala na wanja machoni na hereni masikioni, nywele zimechanwa. Mama akasema, "Wenzetu wakiumwa ndio wanapendeza. Mie nikiumwa nafanana na gunia." Ua mzima ukacheka. Na mimi nilicheka. Baadaye sikujisikia vizuri.

Barua ya Idi niliichukua jana kwenye sanduku la ofisi. Sijamsomea.

Jumatano, 7 Juni

Nimemsomea. Idi ni mdogo wangu, kitinda mimba. Mwaka wa saba huu yuko Maskati, anafanya kazi ghalani. Mwezi uliopita nilimwandikia kwamba moyo wa Mama umechoka, daktari kasema, aombe ruhusa aje. Jibu lake ni kwamba haamini karatasi tena. Karatasi inakubali lolote. Anataka tumpige Mama video amwone mwenyewe. Akimwona yuko vibaya, siku hiyo hiyo ataomba ruhusa.

Ana haki. Niliandike hili, maana sijawahi kuliandika. Miaka mitatu iliyopita tulimpelekea telegramu: MAMA MAHUTUTI NJOO. Mama alikuwa mzima kabisa. Alikuwa amempatia mchumba, binti wa watu wa Temeke, akaona hakuna njia nyingine ya kumrudisha. Si sisi peke yetu. Nadhani hakuna kijana wa Maskati ambaye hajawahi kuitwa na mama mahututi. Lakini aliyejaza ile fomu posta ni mimi, kwa mwandiko wangu.

Idi alifika na mkoba mmoja, macho mekundu. Akamkuta Mama anakaanga vitumbua, wageni wamejaa mkekani. Hakupiga kelele. Alikula kitumbua kimoja. Baada ya siku tisa akarudi alikotoka. Hakuoa.

Sasa anataka kuona. Vizuri. Ataona, atakuja. Fundi wa video nimemwambia Jumapili. Leo nalala na moyo mwepesi, mara ya kwanza tangu Aprili.

Jumapili, 11 Juni

Fundi ni Kasimu. Anapiga harusi za Mwananyamala yote, mpaka Temeke wanamwita. Nilimweleza tangu juzi: Mama kitandani, kama alivyo, basi.

Mama alikuwa na mpango wake. Nimerudi bombani nakuta ameshapakwa wanja. Mama Shufaa ameitoa sofa yake nyekundu na kuiweka uani kwetu. Mama amevaa gauni refu linaloburuzika chini. La kufunika miguu.

Nilikataa. Nikamwambia Mama kwamba Idi anataka kuona ukweli, na akimwona hivi haji. Mama akawafukuza wengine kwa mkono. Akasema polepole, pumzi ikimkatikia:

"Nilimtisha nikiwa mzima. Sasa naumwa, wacha nimtulize. Ndiyo haki yake."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Wewe si uko hapa."

Nikaenda kushika taa.

Kasimu akataka Mama atembee. Alisema video ya mtu aliyekaa tu ni sawa na picha ya ukutani. Toka mlangoni hadi kwenye sofa ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Mama akapiga moja, akashika mwimo wa mlango. Kasimu akazima. Mama Shufaa akaleta kiti, Mama akapumzika. Kasimu akahamia ubavuni. Hatua ya pili. Kiti. Akahamia nyuma. Ya tatu. Kiti. Ya nne hakuimaliza, nilimdaka, taa ikaanguka. Kiti tena. Hatua nne, karibu saa nzima. Kasimu akasema zinamtosha, zilizobaki atazitengeneza nyumbani.

Kwenye sofa Mama amecheka. Amemwambia Idi asile sana wali wa Waarabu, atapata tumbo la sheikh. Kamera ilipozimwa ameomba maji na kulala hadi magharibi bila kujigeuza. Kifundo thelathini na mbili.

Kasimu aliniuliza kama na mimi nitaingia kwenye picha. Nikamuuliza nani atashika taa.

Jumapili, 18 Juni

Kanda imekuwa tayari. Tumeitazama kwa Mama Shufaa, watu wamejaa hadi dirishani. Kasimu ana deki mbili, ameziunga zile hatua, nyingine amezirudia, ameweka na wimbo wa taarabu juu yake. Mama anatoka mlangoni. Anakatiza ua. Anafika kwenye sofa na kukaa kama bibi harusi. Kiti hakionekani. Mikono yetu haionekani. Wanawake wamepiga vigelegele.

Mama alijitazama mdomo wazi. Akasema, "Kumbe bado naweza." Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Tumeirudia mara tatu. Mara ya tatu nilisahau kutafuta maungio. Mama anatembea vizuri. Inshallah atapona.

Jumatatu, 19 Juni

Mama ameanguka njiani kwenda chooni. Hakuniita. Amesema alidhani anaweza.

Jumanne, 20 Juni

Mzee Sefu wa mtaa wa nyuma anasafiri kesho kwenda Maskati kwa mwanawe. Kanda nimempa. Nimeifunga kwa gazeti na uzi, jina na anwani pande zote mbili. Ningeweza kuibakiza. Ningeweza kutia barua ya kurasa tano. Nimetia karatasi yenye mstari mmoja: Mama anakusalimu. Karatasi haiaminiwi, nilijiambia. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Jumatano, 12 Julai

Idi amepiga simu ofisini. Bosi akatuma niitwe kutoka masjala. Idi alikuwa anacheka. Wameitazama watu saba chumbani kwao, wengine wamelia kwa kukumbuka mama zao. Anasema Mama amerudi ujana. Anasema nilimtisha bure na barua yangu. Likizo ataichukua mwakani baada ya mfungo, akae miezi miwili kamili.

Halafu akauliza, "Dada, mbona wewe sikukuona? Nikasema labda umeolewa kimyakimya, hukai tena pale."

Nikasema nilishika taa. Simu ilikuwa na mwangwi. Sidhani alisikia.

Sikumwambia. Bosi alikuwa amekaa palepale, na wageni wake. Lakini si kwa sababu ya bosi. Idi alikuwa anacheka, na kicheko kile nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

Nimekula ofisini ili nisile nyumbani.

Jumamosi, 22 Julai

Nimeacha kupima. Futi inaacha bonde kwenye ngozi na bonde halijai.

Mama analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Jana tulikuwa hospitali. Daktari, kijana mpole, aliniita pembeni akauliza kama tuna ndugu walio mbali. Nikasema yupo mmoja. Akasema aitwe. Mama amekataa kulazwa, anataka ua wake.

Nimemwandikia Idi kurasa tatu. Barua huchukua wiki mbili, wakati mwingine tatu. Nimeiposti hata hivyo.

Wanawake wanakuja kumjulia hali. Wakitoka wananiambia kwa kunong'ona, lakini juzi tu si alikuwa anatembea? Waliiona. Na mimi nilikuwepo, nasema walichokiona ni kanda. Wananitazama kama namwombea mama yangu mabaya.

Jumatatu, 31 Julai

Nimeenda posta kupeleka telegramu. Nilisimama na fomu muda mrefu. Nilitafuta maneno mengine, ambayo hatujayatumia. Karani akaniambia watu wanangoja nyuma yangu. Nikaandika MAMA MAHUTUTI NJOO.

Alhamisi, 3 Agosti

Jibu limefika ofisini. NIMEONA VIDEO. MCHUMBA NANI SAFARI HII.

Nimelisoma nimesimama katikati ya makabati ya faili. Nimelitia kwenye faili isiyo yake. Dakika moja baadaye nimelitoa. Sikulia. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Yeye hana kosa.

Jumapili, 6 Agosti

Nimemwita Kasimu tena. Alikataa. Anasema mgonjwa hapigwi video, watu watamsema, nani atamwita tena kwenye harusi. Nimembembeleza tangu Ijumaa. Amekubali kwa sharti kwamba majirani wasijue. Nimemwambia Mama Shufaa asije leo. Ameudhika.

Hakuna wanja. Hakuna gauni. Mashuka yaleyale, mito mitatu, ndoo chini ya kitanda, dirisha wazi kwa mwanga. Tangu juzi Mama alikuwa hatamki zaidi ya neno moja moja. Nilitaka dakika moja tu ya hivyo. Dakika moja, Idi angepanda ndege.

Kasimu akawasha. Kamera ina kitaa kidogo chekundu mbele. Mama akakiona.

Sijui nguvu ile aliitoa wapi. Alinipa ishara nimwinue. Nilimshika mgongo kwa nyuma, mkono wangu chini ya khanga. Akavuta mtandio ukakaa sawa. Akatabasamu, meno yote.

"Idi, baba, hujambo? Mie sijambo. Dada yako usimsikilize, mwoga tangu mtoto. Fanya kazi, baba."

Kitaa kikazimika. Akaniangukia begani mzima mzima, jasho limemtoka.

Kasimu alikuwa anafuta macho. Akasema imetoka nzuri.

Nilimkasirikia Mama. Naandika ilivyo. Nilimkasirikia mtu anayekufa mikononi mwangu. Nilimlaza, nikatoka uani nikafua mashuka yaliyokuwa safi.

Kanda hii siipeleki.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kupiga simu posta ya mjini. Saa mbili kwenye foleni. Namba ni ya duka lililo chini ya chumba chao. Walimwita, nikasubiri, nikisikiliza duka la watu, mtu anauliza sukari kwa Kiarabu.

Nimemweleza yote. Sofa ni ya Mama Shufaa. Gauni la kufunika miguu. Kiti baada ya kila hatua. Deki mbili. Akasema, "Dada, nimemwona anatembea." Nikasema, "Ulichokiona ni kazi ya Kasimu."

Akauliza polepole:

"Hatua ngapi?"

"Nne."

Nikamsikia anahema. Kisha akasema atakuja. Pasi yake iko kwa tajiri wake, tajiri yuko safarini, anarudi keshokutwa.

Alhamisi, 10 Agosti

Mama amefariki saa tatu asubuhi. Nilikuwa namchana nywele. Upande mmoja ulikuwa umekwisha. Nimemalizia na wa pili.

Amezikwa baada ya alasiri.

Jumapili, 13 Agosti

Idi amefika mchana. Mkoba mmoja. Macho mekundu.

Mama Shufaa alikuwa uani anakaanga vitumbua vya watu wa matanga. Mkeka umejaa wageni. Idi alisimama palepale mlangoni, akatazama karai, akatazama mkeka, akanitazama mimi. Nilijua anachongoja. Anangoja tucheke.

Nikatikisa kichwa. Akakaa chini, kizingitini, na mkoba wake bado begani.

Jumamosi, 19 Agosti

Wageni wameondoka. Nyumba imekuwa kubwa. Mimi na Idi tunapishana kama wapangaji.

Leo ameomba kuiona ile kanda ya pili. Nilikuwa nimemwambia ipo. Mama Shufaa alitupisha, akafunga mlango. Idi akatazama Mama anavyomsalimu. Hakulia. Akabonyeza deki, akairudisha nyuma. Akaitazama tena, akarudisha. Mara ya tatu akasogea karibu kabisa na kioo, akaweka kidole chini, pembeni, penye khanga.

"Hivi vidole vya nani?"

Nilikuwa sijaviona. Viwili, chini ya kwapa la Mama, vimekunjana kwa kushika.

"Vyangu."

Akairudisha tena. Safari hii sidhani alimtazama Mama.

Baadaye akasema ningemwandikia. Nikasema nilimwandikia. Akasema anajua. Ile barua ya kurasa tatu ilimfikia siku aliyoondoka, aliisoma kwenye ndege.

Usiku huu, tunakula, amesema jambo ambalo nimelibeba hadi hapa. "Uliyemzika wewe mie simjui. Wa kwangu bado anatembea." Hakusema kwa ubaya. Nikamwongezea mchuzi.

Alhamisi, 31 Agosti

Idi ameondoka asubuhi. Kanda zote mbili nimempa. Alisita kidogo, akauliza mimi nitabaki na nini. Nikasema mimi nilikuwepo.

Nilisema vile kwa majivuno. Mchana nikaenda kwa Kasimu mbio mbio kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Nilitaka kanda ya mwanzo, ile aliyoipiga kabla hajaunga, yenye kiti. Mama anapumzika mle. Mama anaomba maji. Kasimu aliitafuta kwa uaminifu, kisha akakumbuka. Amepigia harusi juu yake, harusi ya Temeke, mwezi wa saba. Ametaka kunionyesha kama kuna kipande kilichobaki mwishoni. Tukatazama. Bibi harusi anapanda gari, watu wanapunga, halafu chenga nyeupe tu kwenye kioo.

Nimemshukuru. Nimerudi kwa miguu.

Jumamosi, 2 Septemba

Maji ndoo mbili. Ya pili imebaki imejaa.

Mama Shufaa alikuja asubuhi kuniomba ruhusa. Watoto wanamsumbua, kama sitajali aigeuze televisheni uani, sauti ya chini. Nikasema ageuze. Filamu ilipoanza nilitoa kiti cha Mama nikakiweka mlangoni. Kilikuwa kimeshakaa pale ndipo nikakumbuka. Sikukirudisha. Nimekaa mimi.

Katikati ya filamu Mama Shufaa alikuwa anamsimulia mgeni wake habari za Mama. Alisema mwezi wa sita wote alikuwa anakatiza ua huu peke yake, bila mkongojo, na ghafla akachukuliwa. Mama Shufaa ndiye aliyekuwa anabeba kiti. Alikiweka mara nne kwa mikono yake. Nilimtazama usoni. Hadanganyi. Anakumbuka hivyo.

Sikumsahihisha. Nilifumba macho nimtafute Mama anavyotembea, nikamwona anatoka mlangoni, anapita, anakaa. Na wimbo ukiwa juu yake.

Nikaingia ndani nikafungua daftari hili. Nilitaka kuona nimeandika nini, kwa kuwa mimi naandika kila kitu. Tarehe 11 Juni iko sawa. Tarehe 18 nimesoma mara mbili. *Mama anatembea vizuri.* Mwandiko ni wangu, wino ni wangu.

Nimechukua rula nikakata mstari huo, mkato mmoja, usomeke bado. Pembeni nimeandika tarehe ya leo, na maneno haya:

Hatua nne. Baada ya kila moja alikaa.